Mtunzaji wa Vitu Visivyofunguliwa

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Sikuwahi kumuuliza, na yeye mwenyewe angeona swali hilo ni utovu wa adabu, sawa na kufungua mzigo wa mtu. Wote tulimwita Mtunzaji. Wakubwa wa mji walimwita hivyo, watoto wa Pasiansi walimwita hivyo, na mke wake nilimsikia kwa masikio yangu akimwita, "Mtunzaji, ugali unapoa." Alikuwa mtunzaji wa Nyumba ya Kumbukumbu, lile ghala la pamba la ufukweni, upande wa Ilemela. Ushirika ulipokufa ghala liligawanywa: nusu walipewa popo, nusu vikawekwa vitu vya kale. Nikiulizwa leo nani alitunza nusu yake vizuri zaidi, nitafikiri kwanza.

Mimi naitwa Doto. Shule niliishia darasa la nne, na aliyenikatisha nitamtaja. Miaka hiyo ya ruksa ya biashara na wawekezaji nilikuwa nauza mapanki, yaani mifupa ya sangara, kichwa na mkia, ambayo viwanda vilituachia sisi wenye ziwa baada ya minofu kupanda ndege. Niliyakaanga kwenye banda langu mbele ya geti la ghala. Kwa hiyo huyu mzee nilimwona akija kazini na kuondoka kwa miaka, na mtu unayemwona hivyo unamjua kuliko yule anayekuja kukuhubiria Jumapili.

Alikuja na baiskeli ya Kichina ambayo ilikuwa bado imevaa makaratasi ya kiwandani. Wanaokumbuka wanakumbuka: baiskeli mpya ilitoka dukani mabomba yamezungushiwa karatasi ya kaki, tandiko limevishwa nailoni, na mwenye nayo aliziacha karatasi muda kidogo ili majirani washuhudie upya wake. Muda kidogo wa Mtunzaji ulikwenda miaka. Masika ikichana karatasi, alibandika kipande cha mfuko wa saruji.

"Mtunzaji," nilimuuliza, "hiyo baiskeli ni mpya mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakayoifungua."

Kwa hesabu yake alikuwa bado hajaanza kuitumia. Siku moja mkokoteni wa ndizi ulimgonga pale Pasiansi, bomba likabonyea. Tukamkimbilia na pole zetu. Yeye akapapasa karatasi, akaona haijachanika, akatuambia hakuna kilichotokea.

Vitu vya Nyumba ya Kumbukumbu vilitoka kwa Padri. Huyo alikuwa mzungu mzee wa parokia ya ufukweni, amekaa kwetu mpaka Kisukuma chake kikawa kizuri kuliko cha vijana wetu waliosoma. Alipokuwa anarudi kwao kuzeekea huko, alikabidhi stoo yake nzima: makopo, makreti, chupa, vifurushi vya posta, na rundo la mafurushi yaliyofungwa kwa vitambaa. Vingi havikuwa vimefunguliwa tangu vifike. Siku ya makabidhiano akasimama akasema maneno machache, na kati ya hayo likawamo moja lililoharibu kila kitu. Alisema, "Vyote hivi ni zawadi."

Sasa, kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya mtoaji. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaweka pembeni, mnazungumza habari za mvua. Mtoaji akishaondoka, hapo ndipo unachana karatasi, hata kwa meno ukitaka. Kufungua akiwa bado ameketi ni ulafi. Hilo kila mtoto aliyelelewa analijua. Tatizo ni kwamba Padri aliacha pia picha yake, kubwa, ndani ya fremu, na kamati ya nyumba ikaitundika kwenye ukuta wa mwisho, macho yanaangalia kila rafu. Mtunzaji akaitazama picha, akazitazama rafu, akafikia uamuzi: mtoaji bado hajaondoka.

Basi hakikufunguliwa kitu. Alitundika vibao vidogo kwa kamba ya katani. Kimoja kiliandikwa, "Kopo. Limefungwa." Kingine, "Chupa. Imefungwa." Kingine, "Kifurushi. Kimefungwa." Wanafunzi waliletwa, wakapita kati ya rafu wakisoma kwa sauti kwamba kopo limefungwa, wakarudi shule wakiwa wameelimika. Mwalimu mmoja alithubutu kuuliza.

"Mzee, ndani yake kuna nini hasa?"

"Kuna zawadi," Mtunzaji akajibu.

"Zawadi gani?"

"Mwalimu, wewe ukiletewa mgeni unamuuliza ana nini tumboni?"

Alikuja pia mgeni wa kizungu mwenye miwani, akamweleza Mtunzaji kwamba huko kwao vitu kama hivi havifunguliwi pia, bali vinapitishwa kwenye mashine ya hospitali, ile ya kupiga picha mifupa, na ndani kunaonekana bila kugusa. Alidhani atamfurahisha. Mtunzaji alikunja uso mpaka mzungu akaomba radhi. Baadaye Mtunzaji alipokuja kula panki kwangu bado alikuwa amechukia. "Anayefungua ana njaa," aliniambia. "Njaa inasameheka. Anayechungulia ana tabia."

Sitamnyima haki yake: kutunza alitunza. Kabla ya kupangusa kopo alibisha hodi kwa kucha, akaweka sikio. Kopo lililofura alilihamishia chini karibu na mlango wa ziwani, akalizungushia mchanga, na kusema hilo limeshiba, lisisumbuliwe lisije likatapika. Kreti hakuinua kwa kamba yake hata siku moja. Kamba ya miaka mingi, alisema, ni kama neno la mlevi. Kulikuwa na debe moja lililoanza kutoa unga mweupe kwenye ungio. Alilitumbukiza ndani ya pipa lenye mfuniko, akaosha mikono kwa sabuni mara nyingi, akakataza mtu kulikaribia. Hakulijua ni la nini. Alijua tu kwamba limeanza kujieleza lenyewe, na kitu kinachojieleza bila kuulizwa hakina heri.

Lakini mtu huyohuyo, akifika bandani kwangu, alifunua sufuria bila hata salamu.

"Leo humu umeficha nini?"

"Mtunzaji, hilo sufuria halina mtoaji?"

"Wewe unauza. Biashara si zawadi." Na huku ameshatoa kichwa cha panki.

Alisoma gazeti nililofungia samaki wa wateja wengine, tena akawasimulia habari kabla hawajafika nyumbani. Alijua nani amemzalisha nani toka Pasiansi mpaka Kisesa. Barua za jirani zikiletwa kwake kwa makosa hakuzifungua, la, alizishika juani akaziangalia. Nilipomkumbusha habari ya kuchungulia, akasema jua ni la Mungu, yeye hakuliwasha.

Nilipeleka panki nyumbani kwake siku ya kipaimara cha mwanawe. Nikakalishwa kwenye kochi lililovaa nailoni ya dukani. Kwa joto la Mwanza nilipoinuka mapaja yaliniaga kwa sauti. Kwenye kabati la vioo kulikuwa na chupa ya chai ndani ya boksi lake, seti ya vikombe ndani ya boksi lake, saa ya ukutani ndani ya boksi lake, inatikatika humo gizani. Sisi tulinywea chai kwenye makopo. Mke wake aliniona natazama.

"Usishangae, mwenzangu," akasema, wala hakupunguza sauti. "Mimi mwenyewe nilipoolewa nilidhani nitaachwa kwenye boksi. Ilibidi nijifungue mwenyewe kamba."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, Mtunzaji akaenda nje kuangalia baiskeli. Ila niseme ukweli, hakuwa peke yake. Miaka mingi tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, halafu ghafla maduka yakajaa mpaka vitu vikatundikwa nje. Tulinunua, tukaogopa kufungua. Nani alijua ruksa itadumu? Tuliokwisha kunyang'anywa mara moja tulijua kwamba kitu kikiwa ndani ya boksi ni rahisi kukimbia nacho.

Hapa ndipo ninapomtaja mtu. Wengine wanapenda kuandika "watu fulani" na "baadhi ya viongozi". Mimi naandika Bujiku.

Mwaka wa Operesheni Vijiji, Bujiku alikuwa kijana, katibu kata, ana kiberiti. Sisi tulikuwa tunakaa ufukweni, hatua chache toka majini. Tukaambiwa tuhamie kijiji kipya, nchi kavu, mbele ya Kisesa, ambako nyumba zilipangwa mstari na maji hayakupangwa kabisa. Waliochelewa walichomewa. Nyumba yetu aliiwasha Bujiku mwenyewe, mbele ya mama, na alipowasha njiti ya kwanza ikazimika na upepo wa ziwa, akamwomba mama asogee amkingie. Lori lilikataa mizigo. Kwa hiyo watu walikimbilia kwa Padri, kila mmoja na furushi lake: "Padri, tuwekee, tutarudi." Mama naye aliacha lake.

Ndani ya furushi la mama mlikuwa na nguo ya kaniki, mbegu za mtama, upawa, na kifuko kidogo cha ngozi kilichoshonwa pande zote. Mimi nilizaliwa pacha. Mwenzangu alikuwa Kulwa, kwa jina hilo mtajua ndiye aliyetangulia. Kwetu mapacha tulivishwa bangili za shaba, moja moja, na mikono ilipokua mama akazivua akazishonea pamoja humo. Zilikuwa zikae mpaka siku ya harusi zetu, au siku nyingine. Siku nyingine ndiyo ilifika. Mvua za kwanza za kijiji kipya, Kulwa akaharisha, na zahanati ilikuwa bado ni hotuba. Tukamzika kwenye mstari. Mama alitaka kumvika bangili yake, bangili yenyewe iko stoo kwa Padri, na kutoka kijijini bila kibali cha Bujiku ilikuwa kosa. Mimi shule niliacha mwaka huo, nikamsaidia mama kuteka maji ya mbali. Padri naye alihamishwa, akarudishwa, stoo ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Mama alibaki na neno moja miaka yote: "Kulwa amelala mkono mtupu."

Na miaka ya tisini, ilipoundwa kamati ya kulinda kumbukumbu za wananchi wa ziwa, mwenyekiti akachaguliwa nani? Bujiku. Nadhani walimpa kwa uzoefu. Hakuna aliyekuwa amegusa vitu vya zamani vingi kama yeye. Katibu wake alikuwa Kashaija, afisa utamaduni, kijana mwenye tai, aliyelelewa vizuri na kuharibikia kazini.

Niliposikia mafurushi ya watu yamo mle ndani, nilikwenda kwa Mtunzaji na mikono yangu ya mafuta.

"Mtunzaji, kuna furushi la mama yangu humo. Si zawadi ya Padri. Liliachwa tu."

"Padri alisema vyote ni zawadi."

"Padri alikuwa mzee, alikuwa anaondoka, alitaka kumaliza hotuba. Mtu anaweza kutoa zawadi ya kisicho chake?"

Akaangalia picha ukutani kana kwamba nimetukana mbele ya watoto. Kisha akasema, "Mama yako akija mwenyewe, akalitambua kwa nje, bila kufungua, tutazungumza."

Mama macho yalikuwa yamekwisha. Mtunzaji alikuja kumchukua nyumbani Pasiansi kwa ile baiskeli, mama amekaa nyuma, anapapasa yale makaratasi, akauliza, "Hiki mnachonipandisha ni baiskeli au ni mkate?" Tukamwingiza ghalani. Akapita rafu ya mafurushi, anagusa mafundo tu. Hili hapana. Hili hapana. Hili la mke wa fulani, alikuwa anafunga kama mwanamume. Akafika moja la chini, akasimama. Mama alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na fundo lake lilikuwa lile la kufungia ndama, lakini limegeuka, kama linavyoonekana kwenye maji.

"Hili langu," akasema.

Mtunzaji alichuchumaa mbele ya fundo hilo akalitazama, akaitazama mikono ya mama, akalitazama tena. Sijawahi kumwona hivyo. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna aliyewahi kuja akasema, mimi ndiye nilifunga."

"Ndiyo nimekuja."

"Ndani kuna nini, mama?"

"Ndani ni kwangu," mama akasema.

Nilidhani tutatoka nalo. Mtunzaji akasema kwa heshima kubwa kwamba yeye ameridhika kabisa, amelitambua, amemtambua, na kwa hiyo atalipeleka kwenye kikao. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kutupa, kikao. Mama akarudishwa Pasiansi kwenye mkate wake.

Kamati ikakaa. Bujiku akasema vitu vyote ni mali ya taasisi, na mtu akianza kurudishiwa furushi, kesho mwingine atadai nyumba. Hapo alikuwa anajua anachosema. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Mwekezaji alikuwa amelipenda ghala kwa ajili ya kiwanda cha samaki, na Bujiku alikuwa amempenda mwekezaji. Vitu vilikuwa viondoke. Lakini mjini kulikuwa na uvumi, wakati ule kila mtu alikuwa anatafuta rupia za Mjerumani na zebaki nyekundu, watu walichimbua makaburi, walivunja cherehani za bibi zao. Kopo ambalo mzungu hajalifungua miaka yote, mnadhani lina nini? Kashaija akaandaa jina la heshima: tathmini. Ikapangwa siku ya tathmini.

Sisi wa mabanda tulijazana dirishani. Bujiku alikuja na suti ya Kaunda mpya na bisibisi. Mtunzaji alisimama katikati ya mlango.

"Mgeuzeni Padri kwanza," akasema.

"Tumgeuze wapi?"

"Ukutani. Hii ni zawadi, Mwenyekiti. Haifunguliwi mbele yake."

Bujiku alicheka, akatuangalia dirishani ili nasi tucheke. Hatukucheka. Kashaija, nimesema alilelewa vizuri, akapanda kwenye kiti na tai yake, akaigeuza picha. Padri akaangalia ukuta. Ndipo Mtunzaji akasogea, akasema, "Haya, leni."

Kreti la kwanza lilitoa soksi za sufu. Bibi wa Ulaya walikuwa wamezifuma kwa ajili ya watoto wa Mwanza, ambako hata mbwa wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi. Zilikuja na kofia zake. La pili lilikuwa na kreti jingine ndani, Bujiku akaanza kupumua kwa mdomo, na ndani ya hilo jingine maziwa ya unga yaliyogeuka jiwe. Chupa zilikuwa dawa ya kikohozi, imekuwa sukari. Vifurushi vya posta vilikuwa zawadi za Krismasi alizotumiwa Padri mwenyewe na ndugu zake. Hakufungua hata moja. Nilimwona Mtunzaji akiitazama ile fremu iliyogeuzwa kama mtu aliyegundua kuwa ana ndugu.

Halafu Bujiku akaliona lile kopo la mlangoni, kwenye mchanga, limefura, zito.

"Hilo limeshiba, Mwenyekiti," Mtunzaji akamwambia.

"Ndiyo maana nalitaka."

Akaingiza bisibisi. Sitaeleza sauti. Lilikuwa samaki. Samaki wa Ulaya, ametiwa kwenye kopo huko, amesafiri bahari mbili kuja kulishwa watu wanaokaa juu ya ziwa, amekaa miongo akitafakari safari yake, akatoka mara moja kwenye suti ya Kaunda. Sisi tuliokuwa tunakula mifupa ili Ulaya ile minofu tuliangaliana. Bujiku alikwenda ziwani kuoga na nguo zake, na kwa hasira aliyorudi nayo aliamuru mafurushi ya wananchi yakatwe kwa kisu, yamwagwe sakafuni. Majembe, vibuyu, shanga, kiko, nguo zilizooza. Hakuna rupia. Wakafagia vyote nje kwenye rundo moja.

Nilichambua rundo lile na wenzangu mpaka jua likaelemea. La mama halikuwamo. Nikarudi nyumbani nikamkuta Mtunzaji ameketi na mama barazani, amefika kabla yangu, na furushi liko kwenye mapaja ya mama.

"Nimeliwahi," alisema. "Nimelitoa mapema kabla ya kisu."

Vidole vya mama vilikuwa kwenye fundo. "Limefungwa na mtu wa mkono wa kulia," akasema.

Mtunzaji akakohoa. "Kamati, mama. Walishalipitia siku za nyuma. Mimi nimeokoa kilichobaki."

Mama akafungua. Akatoa kaniki, mtama uliokuwa umekuwa vumbi, upawa. Akapapasa kitambaa pembe mpaka pembe, akakigeuza, akapapasa tena. Kifuko hakikuwamo. Akakunja kitambaa vizuri, akasema, "Basi." Hakulia. Hakula pia vizuri toka siku ile, na kabla ya masika nyingine tukamzika yeye pia, na maneno yake ya mwisho ya maana yalikuwa yaleyale, kwamba Kulwa amelala mkono mtupu. Mtunzaji alikuja msibani. Alikaa na wanaume, alikula, alichangia habari.

Mimi nilimshika Bujiku. Nilimtaja sokoni, nilimtaja ufukweni, nilimtaja kwenye mkutano wa hadhara nikiwa nimesimama juu ya ndoo ili nisikike: "Toa kifuko cha mama yangu." Akaapa kwa Mungu hajui kifuko. Watu wakacheka, maana kiapo cha Bujiku kilikuwa bei rahisi kuliko mapanki. Banda langu likavunjwa wiki hiyo. Kiwanda kikajengwa. Bujiku akapata kazi ya kukata utepe. Popo ndio pekee waliokataa kuhama.

Miaka imepita hapo. Kila mwaka huenda kusafisha kaburi la Kulwa, na gari la kwenda huko linasimama Kisesa. Mwaka mmoja niliposhuka kununua maji, mwanamke mmoja akaniambia Mtunzaji anakaa nyuma ya soko, mke amefariki, na yeye mwenyewe anaanza kufunga safari. Nikaenda, kwa ajili ya ile siku alipombeba mama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Doto. Ingia mwanangu, kaa."

Kochi lilikuwa lilelile, nailoni imekuwa njano kama kucha za mvuta tumbaku. Saa ilikuwa kimya ndani ya boksi lake. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, na nilipoitazama nikaona kitu kimepungua. Bomba moja lilikuwa uchi. Rangi yake ya kijani iling'aa kama ya dukani, na pale mkokoteni ulipogonga kulikuwa na bonde.

"Umeanza kuifungua," nikasema.

"Nilihitaji karatasi."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi hiyo ya kaki. Akanipa kwa mikono miwili, nikapokea kwa mikono miwili.

"Ni zawadi," akasema. "Ukafungue nyumbani."

Kilikuwa chepesi. Chini ya karatasi kulikuwa na kitu laini, na ndani ya laini kuna kigumu. Vidole vyangu vilijua kabla yangu.

"Kamati ndio walifungua lile furushi?" nikamuuliza.

Nje watu wa sokoni walikuwa wanagombania kipimo cha mchele.

"Ni mimi," akasema. "Siku ileile nilipomrudisha mama yako. Makopo nilivumilia kwa sababu sikujua nani amefunga. Ile mikono nikawa nimeiona. Nikashindwa. Nikafungua, nikakuta humo ndani kingine kimeshonwa. Hicho sikukifungua, Doto. Nakuapia."

"Kwa nini hukukirudisha?"

"Nilikitoa kwanza nikitazame. Halafu ikaja ile siku, wakafungua kila kitu. Kila kitu. Nyumba nzima kikabaki hicho kimoja ambacho hakijafunguliwa. Nikakirudisha, mimi ningekuwa mtunzaji wa nini?"

"Mama alikufa anakipapasa."

"Najua. Nilikuja msibani."

"Ulikula."

"Nilikula," akasema.

Bujiku asisome hapa akadhani amefutiwa. Nyumba aliichoma, mstari aliuchora yeye, na Kulwa yuko kwenye mstari huo. Hili moja tu lilikuwa la mwingine, la mtu niliyempa vichwa vya panki bure kwa sababu aliheshimu vitu vya watu.

Sikwenda kufungulia nyumbani. Nilikiweka kifurushi magotini, palepale kwenye kochi lake, nikaanza kuchana karatasi. Ilitoa sauti kubwa kwenye chumba kile. Yule mzee alishtuka kama mtu aliyevuliwa nguo, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akaona sitaacha. Basi akajikokota, akageuza mwili wote kwa shida, miguu kwanza, halafu mabega, mpaka uso ukaelekea ukutani. Akakaa hivyo, wima, mikono kwenye mapaja.

Mshono ulikuwa wa mama, wa mkono wa kushoto, haujaguswa. Hapo alisema kweli. Nilikata uzi kwa meno. Zikaanguka kiganjani, mbili, nyeusi kwa ukongwe, ndogo kiasi kwamba vidole vyangu vitatu havikuingia pamoja. Nilizitazama sana. Zilikuwa sawa kabisa, na sikuweza kujua ipi ni yangu na ipi ni ya Kulwa.

"Umefungua?" akauliza, akiwa bado ameangalia ukuta.

"Nimefungua."

Akangoja.

"Doto. Ndani kuna nini?"

Nikazirudisha kwenye ngozi, nikaikunja, nikaifunga kwa uzi uleule, fundo la ndama, kwa mkono wa kushoto ambao sikuuzoea. Gari la kwenda kwa Kulwa lilikuwa linapiga honi barabarani.

"Kifurushi, Mzee," nikamwambia. "Kimefungwa."

Nikatoka, nikamwacha ameelekea ukuta.